Mikwaruzo ya Jikoni kwa Bi Kidawa

Siku za kisima, muulize mpishi.

Mmeisikia leo asubuhi pale kwenye ujenzi wa zahanati, fundi alipojigamba kwamba wiki tatu zinamtosha, na mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo kichwani akaitupa methali hiyo bila hata kusimama. Nyinyi mkacheka. Mmoja wenu akasema, kisima na mpishi wapi na wapi? Swali ni zuri, ila mlilicheka kabla hamjalitafutia jibu, na hiyo ndiyo tabia yenu. Haya, sogeeni. Chanzo cha maneno hayo hakichekeshi hata kidogo. Waliokuwapo walikisimulia mpaka uzeeni wakiwa wameshika vichwa.

Palikuwa na kijiji kikiitwa Kwamzeka, juu ya kilima cha udongo mwekundu. Mto wa karibu ulikuwa mwendo wa siku mbili kwa mzee au mama mjamzito, na siku moja na nusu kwa kijana asiyebeba kitu. Kwa hiyo watu wa Kwamzeka waliishi kwa visima. Kisima kimoja kiliwanywesha wote miaka mitatu au minne, kisha kikaanza kutoa tope, ikabidi kichimbwe kingine.

Kuchimba kulikuwa na taratibu zake. Mafundi walisimama mbele ya Jumbe, mkuu wa kijiji, na watu wote, kila mmoja akapewa kamba, akafunga mafundo. Kila fundo lilikuwa siku moja ya kazi. Aliyefunga mafundo machache ndiye aliyepewa kisima. Kamba yake ikatundikwa mlangoni kwa Jumbe, na kila asubuhi Jumbe mwenyewe alifungua fundo moja.

Na hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa wao. Watu wale waliamini kwamba anayetaja siku nyingi anaziita, kama mnavyokatazwa nyinyi kumtaja nyoka usiku. Mafundo yakiisha na maji hayajatoka, Jumbe aliichoma ile kamba, fundi akafunga nyingine, na kuulizana zimekwisha pita siku ngapi ulikuwa mwiko mkubwa. Siku maji yanapotoka, kamba ya mwisho nayo ilitiwa motoni, watu wakanywa, wakacheza ngoma. Kisima kikabaki vinywani mwa watu kwa mafundo yake ya kwanza. Hiki kisima cha siku saba, kile kisima cha siku nane. Hakuna aliyekuwa anadanganya. Walisahau kwa moyo safi kabisa.

Desturi nyingine ilikuwa kwamba wachimbaji wote hula chungu kimoja, kwa mpishi mmoja, tangu jembe la kwanza mpaka maji. Mpishi huyo alikuwa mjane aitwaye Bi Kidawa. Na jikoni kwake, kama jikoni pengine pote Kwamzeka, mwanamume hakuingia. Mwanamume aliyeonekana jikoni alitaniwa mpaka na watoto.

Sasa, fundi mkuu wa wakati huo alikuwa Semhando. Alikuwa amechimba visima saba, na jina lake lilitajwa hata na watu wa mtoni ambao hawakuhitaji kisima. Mkewe, mdogo wake Bi Kidawa, alifariki mapema na kumwachia binti mmoja, Mwantumu. Binti huyo alikuwa ameolewa palepale kijijini, na mwaka ninaousimulia alikuwa na mimba ya miezi minane, mimba yake ya kwanza. Semhando hakuwa na mtu mwingine duniani.

Mwaka huo vuli haikunyesha, na masika yakapita na mawingu matupu. Jumbe Sengasu aliteremsha mti mrefu ndani ya kisima, akautoa, akautazama palipolowa, akawaambia watu ukweli. Maji yaliyobaki ni ya siku kumi na nane, tena kwa kubana.

Katika miaka kama hiyo, wazee, watoto na wanawake walitangulizwa mtoni kwa ndugu, maji yangali yapo ya kujaza vibuyu vya njiani. Hakuna aliyeipenda safari hiyo. Kukaa kwa watu ni kukaa kwa watu, hata wawe ndugu zako; siku ya tatu unaanza kuhesabiwa matonge. Basi siku ya kufunga mafundo, swali lilikuwa moja tu vichwani mwa wote: tuhame, au tungoje kisima?

Fundi wa pili, jina lake Mdoe, alifunga mafundo kumi. Semhando akamtazama, akatabasamu, akafunga tisa.

Wala hakufunga kwa kubahatisha, msimwonee. Alikuwa amepiga hesabu. Udongo wa Kwamzeka aliujua, kwa siku moja wachimbaji wake wangeshuka pima mbili, kimo cha watu wawili. Maji aliyakadiria kwenye pima kumi na mbili. Siku sita, basi. Akaongeza tatu za tahadhari, akajiona mtu mwenye busara sana.

Watu walipotawanyika, Mwantumu alimfuata baba yake, mkono mmoja kiunoni. Akamuuliza, "Baba, mimi nihame au ningoje?"

"Siku tisa, mwanangu," Semhando akamjibu. "Utajifungulia nyumbani kwako, na maji ya kumwosha mtoto nitakuletea mwenyewe."

Hakuna aliyehama. Kwa siku tisa, nani ajitie adha ya njia?

Siku nne za mwanzo zilikuwa za nyimbo. Wachimbaji walishuka pima nane, sawasawa kama alivyosema, na udongo ulipanda juu kwa makapu mpaka ukafanya kichuguu. Siku ya tano asubuhi mtaimbo ulishuka ukalia ngaa! Wote waliokuwa juu wakachungulia shimoni. Walipofuta vumbi waliona mwamba mweupe umelala chini kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Siku hiyo walikula shubiri moja ya jiwe. Siku ya sita, shubiri moja. Ya saba hata shubiri haikufika, maana mtaimbo mmoja ulipinda.

Siku ya tisa mchana Semhando alipanda juu, mikono imechubuka, masikio yamejaa vumbi. Fundo la mwisho lilikuwa limefunguliwa asubuhi. Alasiri angesimama mbele ya watu kufunga kamba nyingine, na tayari alikuwa na idadi yake kichwani. Mafundo manne. Mwamba huu, aliwaza, hauwezi kuwa mnene kuliko hivi. Siku mbili za kuutoboa, mbili za kushuka.

Chakula cha mchana kilikuwa kimempita akiwa shimoni, kwa hiyo akaenda kwa Bi Kidawa. Alisimama nje ya jiko akapiga hodi, akitazama pembeni kama desturi ilivyotaka.

"Karibu, shemeji," sauti ikatoka ndani. "Ingia."

"Niingie wapi?"

"Kwani hapo uliposimama pana milango mingapi?"

Semhando akadhani mzaha. "Nipe nile hapahapa nje, shemeji. Alasiri nina kamba ya kufunga."

"Mangapi?"

"Manne."

Ndani chungu kikafunikwa. Kisha Bi Kidawa akatokea mlangoni, mwiko mkononi, na macho yake hayakuwa ya mzaha. Akasema, "Semhando, mimi nimemlea Mwantumu baada ya mdogo wangu kufa. Kwa huyo mtoto, ingia ndani kabla sijakushika mkono nikuingize kwa nguvu."

Akainama, akaingia. Moshi ulimwasha macho. Yalipozoea giza, aliuona ukuta.

Ukuta wote wa nyuma wa jiko, kuanzia usawa wa goti mpaka mkono wa mwanamke unapofika, ulikuwa umekwaruzwa kwa ncha ya kisu. Mikwaruzo mifupi, imesimama kwa safu, safu juu ya safu. Mahali pengine palikuwa na duara, kisha mikwaruzo ikaanza upya.

"Hii ni nini?"

"Ghala la Jumbe hunipa vibaba vitatu vya mtama kila siku mpaka maji yatoke, hata kazi ikisimama," Bi Kidawa akasema. "Nikipika, nakwaruza. Siku moja, mkwaruzo mmoja. Nisije nikaambiwa nimekula nafaka ya watu. Kila kisima kipya naanza na duara. Hii hapa ya leo, ya tisa. Hesabu."

Semhando akahesabu. Tisa.

"Na safu hizi?"

"Hicho ni kisima cha bondeni."

"Kile nilichimba siku saba."

"Hesabu."

Alianza kwa kidole, bila haraka, kama mtu anayemfurahisha shemeji yake. Alipofika kumi alikunja uso. Alipofika ishirini akausogelea ukuta. Mikwaruzo ilikuwa thelathini na mmoja. Akarudia, mara hii akitaja kwa sauti. Thelathini na mmoja.

"Umekosea, shemeji."

"Nimekosea kupika?" Bi Kidawa akauliza. "Nilipika siku ishirini na nne ambazo hamkula? Chakula kile kilikwenda wapi? Mlipoanza kisima kile, Mwantumu alikuwa anatambaa. Siku maji yalipotoka alikuja kuyaona akitembea kwa miguu yake, na wewe ulimbeba begani ukampigia vigelegele kama mwanamke. Mtoto gani anajifunza kutembea kwa siku saba?"

Semhando alipigwa na butwaa. Aliikumbuka siku ile, alikumbuka hata miguu ya mtoto ilivyokuwa na vumbi. Kumbe kumbukumbu hizo mbili zilikuwa zimekaa ndani ya kichwa kimoja miaka yote hiyo, siku saba na mtoto aliyejifunza kutembea, na hazikuwahi kukutana.

Akaenda kwenye duara jingine. Ishirini na saba. Jingine, thelathini na nane. Ishirini na tisa. Thelathini na tatu. Thelathini. Kisima cha mwisho, kile alichokuwa akikitaja kwa fahari kuliko vyote, kisima cha siku nane, kilikuwa na mikwaruzo arobaini na minne. 

"Kile kilikuwa na msiba," akasema. "Baba yake Mdoe alifariki katikati ya kazi, tukasimama. Na hiki kilikuwa na mwamba. Na hiki, kamba ya kuteremshia watu ilikatika. Hiki nacho, wachimbaji walishikwa na homa. Kila kimoja kilikuwa na sababu yake, shemeji."

"Basi na hiki kina yake. Nionyeshe humu kisima kisichokuwa na sababu."

Alitazama ukuta mzima. Hakikuwapo.

"Na wewe ulikuwa unajua!" akafoka ghafla. "Umekaa na jambo hili miaka yote!"

Bi Kidawa akaketi juu ya kigoda, na machozi yakamtoka bila kificho. "Nilidhani mnajua. Wallahi nilidhani mnajua. Mliposema siku tisa nilifikiri ni namna yenu ya kusema, kama mtu anayesema nakuja sasa hivi na bado yuko kitandani. Jana Mwantumu alikuja kuniomba maji ya kunywa, akaniambia, ya kwangu nimeyamaliza, siku tisa za baba zinaisha kesho. Ndipo nikaona kwamba kuna mtu anayaamini yale mafundo. Sikulala."

Semhando hakungoja chakula. Hesabu ilikuwa nyepesi mno, na wepesi wake ndio uliomtisha. Kisima kilichokwisha upesi kuliko vyote kilichukua siku ishirini na saba. Zimepita tisa. Kwa bahati njema kabisa, zimebaki kumi na nane. Maji yaliyomo kijijini ni ya siku tisa. Na Mwantumu alikuwa amekaa nyumbani kwake akisubiri kwa sababu baba yake alimwambia asubiri.

Alasiri Jumbe Sengasu alimpa kamba mpya. Semhando akaishika, asifunge.

"Jumbe, na nyinyi watu wa Kwamzeka," akasema. "Siku zilizobaki hazipungui kumi na nane. Huenda zikafika thelathini na tano. Mimi siwezi kuzifunga katika kamba hii. Wanawake, watoto na wazee waondoke kesho alfajiri, maji ya njiani yangalipo."

Mngeona nyuso zao! Wengine walijiziba masikio. Bibi mmoja alitema mate chini kufukuza balaa. Watu walishtuka kwanza kwa wingi wa siku, kisha wakashtuka upya kwa kuwa alitaja idadi mbili, maana fundi gani huyo asiye na namba moja?

"Unaziita!" Jumbe akasema, amesimama. "Mbele yangu, Semhando, unaziita siku zije kutuua!"

"Sikuziita mimi, Jumbe. Zilikuja kila mara bila kuitwa. Twendeni jikoni kwa Bi Kidawa, zimeandikwa ukutani, mtazihesabu kwa macho yenu."

Kicheko kikapasuka.

"Mimi, Sengasu, niingie jikoni?" Jumbe akauliza. "Nikapekue na vyungu?" Akampokonya kamba, akaigeuza kwa fundi wa pili. "Mdoe. Mangapi?"

Mdoe alimtazama Semhando, akatazama watu, akafunga manne. Yaleyale manne. Semhando aliyaangalia yakifungwa moja baada ya jingine, na mchana ule yalikuwa ya kwake.

Alikwenda moja kwa moja kwa binti yake. Mwantumu alikuwa ameketi kizingitini, ameshasikia.

"Baba," akasema, "siku tisa ulisema wewe. Leo unasema thelathini na tano. Niamini ipi?"

Swali hilo lilimkata maini.  Akasema, "Usiamini yoyote iliyotoka kinywani mwangu, mwanangu. Amini ukuta wa mama yako mkubwa. Ile mikwaruzo, kila mmoja ni siku ya kisima."

Mwantumu akamkodolea macho. "Ile mikwaruzo? Ile ya nyuma ya mafiga? Nimeiona tangu nikiwa mtoto. Nilidhani ni urembo!"

Hilo ndilo Jumbe na wanaume wenzake hawakulijua. Hakuna mwanamke Kwamzeka ambaye hakuwahi kuingia jiko lile. Walipondea mtama pale, waliazima chumvi pale, walilia misiba yao pale, wote wakiegemea ukuta uleule. Bi Kidawa hakuhitaji kumshawishi mtu. Alipita nyumba kwa nyumba jioni ile akisema neno moja, kwamba mkwaruzo ni siku, na kila aliyelisikia aliketi chini kwanza, kisha akainuka kutafuta vibuyu.

Alfajiri Jumbe Sengasu alitoka kufungua fundo la kwanza la Mdoe, akakuta kijiji kimya. Hapakuwa na mlio wa kinu wala kilio cha mtoto. Alipotazama bondeni aliona msururu wa watu unashuka, wanawake, watoto, wazee na mikongojo yao, na katikati yao Mwantumu anatembea polepole, mumewe ameshika mkono wake. Jumbe alibaki mdomo wazi, kamba inaning'inia mkononi. Aliyebaki ni Bi Kidawa, kwa ajili ya chungu, pamoja na wachimbaji na wanaume wengine, jumla yao kama arobaini.

Na alibaki mtu mmoja zaidi. Bi Mnyamisi, mama yake Jumbe, alikuwa amekwisha funga kibuyu chake kiunoni. Mwanawe akamzuia mlangoni. "Mama wa Jumbe akihama, nani ataniheshimu? Siku nne tu, mama." Mama akakifungua kibuyu, akakirudisha mahali pake. Alikuwa mwanamke mtiifu kwa mtoto wake, jambo ambalo nalo halina maana, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mafundo manne yakaisha, kamba ikachomwa. Mdoe akafunga matatu. Yakaisha. Akafunga matano, kisha manne, na kila mara alikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya kweli. Semhando alishuka shimoni kila siku chini ya amri ya Mdoe, akagonga jiwe. Vinywa vilikuwa vimepungua, kwa hiyo maji ya kisima cha zamani yakajivuta kupita siku tisa, lakini yalizidi kuwa tope. Walichuja kwa kitambaa, wakanywa kilichobaki. Vijana waliugua tumbo wakapona. Bi Mnyamisi aliugua tumbo, na hakupona.

Siku walipomzika, Jumbe alitoka makaburini peke yake. Semhando alikuwa nje ya jiko anakula aliposhangaa kumwona anakuja, udongo wa kaburi ungali mikononi. Jumbe hakupiga hodi. Aliinama akaingia jikoni, na kilemba chake kikagonga juu ya mlango kikaanguka, asikiokote.

"Bi Kidawa," Semhando akamsikia akiuliza. "Leo ni siku ya ngapi?"

"Ya ishirini na sita, Jumbe."

"Haiwezekani. Ni ya kumi na... Nimezifungua mwenyewe kwa mkono huu. Ni ya kumi na tano. Kumi na sita."

"Hesabu, Jumbe."

Semhando aliweka tonge chini. Alisikia sauti ya mtu mzima ikihesabu kama mtoto wa madrasa, moja, mbili, tatu, ikapita kumi, ikapita kumi na sita, ikaanza kukatika. Ilipofika ishirini na sita ikatoka sauti nyingine ambayo Semhando hakuwahi kuisikia kwa mwanamume, na hakutaka kuisikia tena. Mtu aliyefungua kila fundo kwa vidole vyake ndiye asiyejua hata moja lilikokwenda.

Maji yalitoka siku ya thelathini na nne, mchana, chini ya mwamba, kwa mchirizi mwembamba na baridi. Hakuna aliyecheza ngoma. Vijana wawili walitumwa mtoni, na siku chache baadaye watu wakarudi. Mwantumu alikuwa na mtoto wa kike mgongoni, amezaliwa mtoni salama, na Semhando alipompokea aliketi chini katikati ya njia na mjukuu mikononi, akilia mbele za watu bila aibu yoyote.

Ikapita miaka minne. Kisima kile nacho kikaanza kutoa tope, na Kwamzeka wakakusanyika tena. Mafundi walikuwapo, na kijana mmoja mgeni wa kazi alikuwa tayari amekunja mikono ya kanzu, ameshaomba kamba ili awaonyeshe wazee. Watu wakamtazama Jumbe.

Jumbe Sengasu hakuwa na kamba. Alisimama kwa taabu, maana alikuwa amezeeka ghafla tangu mwaka ule, akawaambia, "Fundi ataniambia atachimba wapi na kwa zana gani. Siku sitamuuliza. Yeye atanipa siku anazozitamani, na mimi nitazipenda, na mama yangu hatarudi."

Kisha akakivuka kiwanja, wanaume wote wakamfuata bila kuambiwa. Mlangoni kwa Bi Kidawa akavua kilemba, akainama, akaingia. Waliobaki nje walimsikia yule mwanamke mzee akisema kwamba visima sasa ni vinane, cha haraka siku ishirini na saba, cha kuchelewa arobaini na nne, na kwamba yeye angekuwa na mjamzito nyumbani angemsafirisha kesho. Jumbe akatoka, macho mekundu kwa moshi au kwa jingine, akaamuru vibuyu vijazwe.

Yule kijana mgeni wa kazi, ambaye hakuwa ameelewa lolote, akauliza kwa mshangao ni tangu lini Jumbe anatafuta shauri la kisima kwenye mafiga. Jumbe akasimama mbele yake. Hakumkemea. Alimwambia tu, kwa sauti ambayo wote waliisikia:

"Siku za kisima, muulize mpishi."